Wiki niliyoandika "Hakuna badiliko"

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, si kubwa, ile ya kunyunyiza tu, na ziwa limechukua rangi ya sufuria ya zamani. Sina hasira na mtu. Sina furaha ya pekee. Ni siku ya katikati.

Nimekaa wiki tatu bila kuandika hapa. Wanaosoma ukurasa huu, ambao nadhani hawajazi hata viti vya harusi moja ndogo, wamezoea kunikuta nikieleza mimea: mchaichai, mvule, magugu ya ziwani. Jana mmoja wao alinitumia picha ya maua mekundu aliyoyapiga karibu na daraja la mto Lukuga. Aliuliza, "Mama, huu ni muti gani?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu. Jina, asili, matumizi. Nikaifuta. Mti huo ninaujua kuliko ninavyoijua nyumba yangu, na kila mara nikiulizwa juu yake huwa najibu kifupi, kisha nahamia mti mwingine.

Leo sitahama.

Jina lake la vitabuni ni Spathodea campanulata. Wafaransa huuita tulipier. Bibi yangu, wa kabila la Watabwa wa kando ya ziwa, alikuwa na jina lake, lakini nililisikia nikiwa mdogo na nimelisahau, na wote ambao wangenikumbusha wamekwisha kufa. Sisi watoto wa kambi ya reli tuliuita kojoa-kojoa.

Jani lake ni ukuti mfupi wenye vijani tisa mpaka kumi na saba, viwili viwili vikitazamana, na kimoja peke yake kwenye ncha. Majani machanga hutoka na rangi ya shaba, halafu huwa kijani kilichokolea. Matumba ya maua hukaa mwisho wa tawi, yamejipanga kwa duara, yamepinda kwa ndani kama kucha za kuku. Yana rangi ya kahawia na manyoya mafupi, laini. Na yamejaa maji. Maji hayo si ya mvua. Mti wenyewe huyatengeneza, huyafungia ua changa ndani yake. Ukilibana tumba ambalo halijafunguka na kulitoboa ncha, maji huruka mpaka kwenye uso wa mwenzako. Ndiyo sababu ya lile jina letu la kitoto.

Matumba ya nje hufunguka kwanza, machache kwa siku, kwa hiyo mti huweza kuchanua wiki nyingi mfululizo. Ganda la tumba hupasuka upande mmoja tu. Ua lenyewe ni kikombe kinachotazama juu, kikubwa kama kiganja, chekundu cha moto, na ukingo wa njano uliokunjamana kama lesi. Ndani kuna stameni nne. Katikati kuna kijiti kimoja chenye midomo miwili kwenye ncha. Ukiigusa midomo hiyo kwa unyasi, hufumba taratibu. Nektari yake hainukii vizuri. Ndege chozi na popo hawajali.

Tunda husimama wima, gumu, jeusi-jeusi, lenye umbo la mtumbwi. Likikauka hupasuka, na mbegu hutoka mamia kwa mamia, kila moja ni bamba jembamba lenye bawa linalopitisha mwanga. Upepo huzibeba.

Ubao wake ni laini, mweupe, mwepesi. Hauwaki vizuri. Mti mzee huoza kuanzia kwenye moyo huku gome likibaki zima, na matawi yake huvunjika bila kuonya.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa naikwepa.

Ilikuwa miaka ya Zaire, ile ya mwanzo, muda si mrefu baada ya kuambiwa na serikali tuache majina ya Kizungu. Mimi nilibatizwa Florence. Baba yangu, fundi wa karakana ya reli, hakutaka kusumbuka. Alimwuliza padri maana ya Florence, akaambiwa ni jambo la maua, akaniandikisha Mauwa. Nilikuwa mwaka wa sita wa sekondari, seksio ya bioshimi, yaani biolojia na kemia, wasichana wawili kati ya wanafunzi kumi na tisa.

Mwalimu wetu wa biolojia alitoka Kongolo. Tulimwita Sitwayen Profesa Kabange, maana desturi ya siku hizo ilikuwa kumwita kila mtu sitwayen, mwananchi. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuvaa abakosi moja ya kijivu, suti ya siku hizo isiyovaliwa tai, aliyoifua mwenyewe kila Jumamosi. Mwezi wa tisa aliingia darasani na rundo la daftari, akagawa moja moja.

"Kila muntu atachagua muti mumoja," alisema. "Mutautazama kila juma, tangu leo mpaka mwezi wa sita. Mutaandika munachoona. Si munachosoma. Munachoona."

Akaongeza kwamba daftari bora lingekwenda Kisangani, pamoja na barua yake, kwa mtu aliyemfahamu katika kitivo cha sayansi cha chuo kikuu huko. Hakusema neno zaidi. Hakuhitaji. Sikuwa nimewahi kutaka kitu chochote kama nilivyotaka kwenda Kisangani. Nilitaka kukaa katika chumba chenye darubini na dirisha, mahali ambapo hakuna atakayeniuliza lini nitaolewa.

Nilichagua kojoa-kojoa wa kambini.

Ulisimama mwisho wa safu yetu ya nyumba, karibu na bomba la maji, mgongo wake umeelekea ukuta wa karakana. Ulikuwa mkubwa, mkongwe kuliko kambi yenyewe. Chini yake, upande wa njia, alikaa Mama Faida na mashine yake ya kushona.

Mama Faida alikuwa Mubembe wa mji wa Baraka, aliyeletwa hapa Kalemie na mume wake, mvuvi wa ndagala. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mnene, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake. Mikono hiyo ilikuwa maarufu. Alishona blauzi nyeupe za wanafunzi wa nusu ya mji, na mabaya, zile blauzi za kitenge za sikukuu, yenye mabega yaliyosimama kama mbawa. Hakupima watu kwa utepe. Aliwatazama wakitembea kuja, na mpaka wanafika ameshajua. Alifanya kazi pale kwa sababu nyumba yake ilikuwa na giza, na kwa sababu kivuli cha mti ule kilidumu tangu asubuhi mpaka saa tisa.

Kila Jumatano baada ya masomo nilikaa karibu naye na daftari langu.

"Leo unaandika nini, Mauwa?"

"Majani, Mama."

"Ya kupika?"

"Ya kuhesabu."

Alicheka mpaka akasimamisha mashine. "Papa yako analipa minerval ya masomo juu uhesabu majani. Mimi sikusoma hata kidogo, na nahesabu vifungo siku muzima."

Lakini alipopata nafasi alinisaidia. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ganda la tumba limepasuka upande mmoja, "sawa sawa sketi yenye mupasuo." Niliandika hivyo hivyo. Profesa aliweka alama nyekundu pembeni: *Vizuri sana. Nani alisema?* Niliandika chini yake: *Mimi.*

Ni jambo dogo. Nalitaja kwa sababu nikilitazama sasa naona halikuwa dogo.

Mwezi wa kumi na moja matumba yalijaa. Kuelekea Noeli mti uliwaka. Nilichora ua moja kwa siku sita mfululizo, kutoka tumba mpaka lilipoanguka. Nilihesabu maua yaliyofunguka kwa kila tawi nililoweza kuliona. Profesa aliwaonyesha wenzangu daftari langu. Mvulana mmoja aliyekuwa amechagua mpera aliniuliza kama anaweza kubadilisha mti, na Profesa akakataa.

Mwezi wa pili, baada ya mvua za wiki nzima, nilizunguka nyuma ya mti, upande wa ukuta. Nafasi ile ilikuwa nyembamba. Mtu hupita kwa ubavu. Nilikuwa nataka kuchora gome.

Kwenye kimo cha goti langu kulikuwa na uyoga.

Haukuwa uyoga wa kula. Ulikuwa mgumu kama ubao, umepangana kama masikio, vipande vitano. Katikati kahawia, ukingoni njano ya yai. Kipande kikubwa kilizidi kiganja changu. Niligonga shina kwa ngumi juu yake. Lilitoa sauti ya mtungi mtupu. Nikagonga upande wa kushoto, upande wa kulia, nikanyoosha mkono nikagonga juu kabisa. Mtungi kila mahali.

Nilijua maana yake. Profesa alikuwa ametufundisha juu ya kuoza kwa moyo wa mti mwezi mmoja tu kabla. Alisema uyoga wa namna ile ukionekana nje, basi ndani kazi imekwisha.

Nilirudi kukaa kwenye jiwe langu. Mama Faida alikuwa anashona pindo la blauzi, kichwa chini, mguu unakwenda kwenye kanyagio. Juu ya kichwa chake lilipita tawi kubwa kuliko yote, lile lililotupa kivuli.

Nilifikiri kwa utulivu. Hilo nalikumbuka vizuri: sikuwa na wasiwasi, moyo haukwenda mbio. Nilifikiri hivi: Profesa husoma daftari Ijumaa. Akisoma uyoga, atamwambia mkuu wa kambi. Mkuu wa kambi ni mtu wa haraka, ataukata mti Jumatatu. Matunda bado hayajakomaa. Mbegu hazitatoka kabla ya kiangazi. Daftari langu litaishia katikati, na daftari la mpera litakwenda Kisangani.

Halafu nikafikiri: mti umesimama miaka mingi. Utasimama minne tena. Miezi, nilimaanisha.

Niliandika tarehe. Chini yake nikaandika: *Hakuna badiliko.*

Wiki iliyofuata niliandika matunda yamerefuka. Nyuma ya mti sikwenda. Wiki ya tatu pia sikwenda.

Dhoruba ilikuja mwezi wa tatu, saa nane mchana, kutoka ziwani, kama zinavyokuja hapa: upepo kwanza, mavumbi, kisha kimya kidogo. Nilikuwa njiani nikitoka shuleni. Wakati ule wa kimya Mama Faida alikuwa anafunika mashine yake kwa turubai ili vitambaa vya watu visilowe. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuingia ndani.

Nilisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti fupi, si kubwa. Mti ulio mzima hulia ukivunjika, ule haukulia.

Tawi lilimpata begani na kwenye mkono wa kulia, likamsukuma juu ya mashine. Baba yangu na wanaume wengine wanne walilinyanyua. Lilikuwa jepesi kuliko walivyotarajia, nao wakashangaa, wakasema ni bahati. Alikuwa na fahamu. Alinitazama akasema, "Mauwa, kusanya blauzi, za batoto ba shule." Nikakusanya. Mvua ilikuwa imeanza, na damu ilikuwa imegusa tatu tu.

Kiwiko chake kilivunjika vipande. Hospitalini walifanya walichoweza. Mfupa ulishika vibaya, na alipotoka, miezi miwili baadaye, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Hakuweza kushika mkasi. Hakuweza kutunga uzi.

Mti ulikatwa siku mbili baada ya dhoruba. Haikuchukua muda, msumeno ulipita kama unapita kwenye muhogo. Shina lilikuwa na shimo ambalo ningeweza kuingiza mkono mpaka kwapani. Hakuna aliyetaka kuni zake.

Profesa Kabange alikuja kutazama gogo. Alichuchumaa, akaligeuza, akaona masikio matano. Aliyapima kwa vidole. Kisha akaomba daftari.

Alifungua ukurasa ule. Alijua pa kufungua. Alisoma, akageuza kurasa mbili mbele, akarudi.

"Uliona?"

"Sikuona, Sitwayen Profesa."

Alilifunga daftari. Watu walikuwa wanachota maji bombani, wanatupita.

"Muntu anayetazama muti miezi sita na haoni uyoga wa ukubwa huu, hafai kwa sayansi," alisema, bila hasira. "Na muntu anayeuona, anaandika haupo, huyo hafai zaidi. Mimi sijui nikuweke wapi, Mauwa. Weye njo unajua."

Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha mgeni.

Daftari la mpera lilikwenda Kisangani. Mvulana yule pia, mwaka uliofuata. Nasikia alikuwa mtu mzuri.

Mimi nilifaulu mtihani wa taifa. Ningeweza kuomba nafasi kwa njia nyingine, wengine waliomba. Baba alinishauri hivyo mara mbili. Nilimwambia nitapumzika kwanza mwezi mmoja. Mwezi huo nilikwenda kila asubuhi kwa Mama Faida, aliyekuwa amehamishia mashine kwenye baraza la nyumba yake, na nikamwambia, "Mama, weye sema, mimi nishone."

Hakukataa. Hakushukuru sana pia. Alikaa kwenye kiti cha miti, mkono wake mgumu kwenye mapaja, akanifundisha. Nilikuwa mbaya. Mshono wangu wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi, na aliufumua wote kwa mkono wa kushoto na meno.

"Unahesabu majani muzuri," alisema. "Nguo, bado."

Mwezi mmoja ukawa mwaka. Mwaka ukawa kumi na minne.

Watu walinisifu. Ndiyo sehemu ngumu kuiandika. Kwenye kanisa walimwambia mama yangu, Mauwa ana moyo, ameacha masomo kwa ajili ya jirani. Mume wangu, nilipoolewa, alinichagua kwa habari hiyo hiyo. Alikuwa ameisikia huko Nyunzu kabla hajaniona. Sikusema uongo wowote. Nilinyamaza tu, nikaacha sifa ziingie nyumbani na kukaa kwenye viti.

Usifikiri niliteseka kila siku. Hapana. Nilipenda kazi. Nilizaa watoto wanne. Kulikuwa na miezi mizima ambayo sikukumbuka mti. Lakini kila ilipofika wakati wa kumkatia Mama Faida nyama kwenye sahani yake, nilikata vipande vidogo sana, vidogo kuliko vilivyohitajika.

Nilimwambia katika mwaka huo wa kumi na nne. Mume wake alikuwa amefariki, binti yake Faida alikuwa anamwita arudi Baraka, na mashua ilikuwa imepatikana kwa wiki ile. Ilikuwa mchana, tuko barazani. Nilikuwa napiga pindo la sketi ya mwisho aliyokuwa ameahidi mteja. Yeye alikuwa anapepeta mchele kwa mkono mmoja, kazi aliyokuwa ameimudu kwa miaka.

Nilisema bila kuinua macho. Nilisema yote: uyoga, mtungi, Kisangani, maneno mawili niliyoandika. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Kitu ambacho nilikibeba miaka kumi na minne kilikwisha kabla sijafika mwisho wa pindo.

Ungo uliacha kusogea.

"Basi njo hii ilikuleta kwangu," alisema.

"Njo hii, Mama."

"Miaka yote."

"Mwanzo. Kisha... sijui. Kisha nilikuja tu."

Alitazama njiani. Alipita mtu akamsalimu, naye akamjibu salamu mpaka mwisho, habari ya nyumba, habari ya watoto, kama kawaida. Yule alipokwisha kwenda, Mama Faida alisema:

"Mimi pia niliuona."

Niliinua macho.

"Uyoga. Nilikuwa namwaga majivu ya pasi kule nyuma, kwa ukuta. Niliuona. Nilisema, muti huu umezeeka. Lakini nikisema kwa mukuu wa kambi, atakata, na mimi nitashonea wapi? Ndani ya ile giza?" Alianza tena kupepeta. "Weye ulitaka Kisangani. Mimi nilitaka kivuli. Tuache."

Nililia, na yeye akaniacha nilie bila kunishika. Kisha akauliza kama pindo limekwisha, maana mteja anakuja saa tisa.

Aliondoka Jumamosi. Nilimsindikiza mpaka bandarini. Aliniachia mashine; alisema haina faida kwake, na kwamba gurudumu lake lililopinda siku ile lisinyooshwe, litavunjika. Tuliandikiana barua zilizobebwa na wasafiri, yeye kwa mkono wa binti yake. Alifariki huko Baraka, wakati wa vita, kwa ugonjwa na si kwa risasi. Nilipata habari baada ya miezi mitano.

Baadaye nilirudi kwenye mimea, peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, na hivyo ndivyo nilivyo mnaponisoma hapa: fundi nguo anayejua majina ya miti.

Sasa msomaji wangu wa daraja la Lukuga ana jibu lake. Ukipita chini ya mti huo, rafiki, nenda pia nyuma yake.

Lakini kuna jambo moja zaidi, na kama ningeliacha ningekuwa nimefanya tena kile kile.

Daftari ninalo. Jioni hii nimelisoma lote, juma kwa juma. Msichana yule aliandika kila kitu kilichokuwa chini ya mti: nyuzi za rangi, vifungo vilivyoanguka, kinyesi cha popo, mchwa, ganda la konokono. Nyuma ya mti alikwenda mara saba kabla ya ile siku ya uyoga, na mara zote saba aliorodhesha vilivyokuwa ardhini.

Majivu hayatajwi hata mara moja.

Mvua hubeba majivu, najua. Na mahali palikuwa pembamba, na Mama Faida alikuwa mnene. Lakini mtu huweza kunyoosha mkono tu na kumwaga. Inawezekana kabisa. Vilevile inawezekana kwamba mama yule, kwa muda uliomchukua mpita njia kumaliza salamu zake, alitazama mtu aliyekuwa anapiga pindo mbele yake, akampima bila utepe, akashona kitu cha kumtosha.

Siku ile barazani kulikuwa na swali moja ambalo lingemaliza mambo. Mtu yeyote aliyefundishwa kutazama angeliuliza. *Ulikuwa rangi gani, Mama?* Kahawia katikati, njano ya yai ukingoni. Angejibu, au asingejibu, na mimi ningejua.

Swali lilifika mpaka kwenye meno yangu. Nilikata uzi.

Miaka yote hii nimejiambia kwamba sikuuliza kwa sababu nilikuwa nalia. Si kweli, nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Sikuuliza kwa sababu kwa mara ya pili katika maisha yangu nilikuwa na kitu mbele yangu ambacho sikutaka kukiona vizuri.

Na kama angekuwa hapa jioni hii, kwenye kiti kile, ungo mapajani, je, ningemwuliza?

Nimekaa na swali hili tangu mvua ilipokatika. Hapana. Bado hapana.